Boti ya Kazi Zote

Mwaka huo wa 1999 Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa imeshachoka kubadilishiwa wakubwa. Kila jeshi lililoingia lilikuja na bendera yake, muhuri wake, na hamu ya boti. Zile zilizoweza kuvuka ziwa zilikuwa zimechukuliwa au kuzamishwa, nami Raphaël, fundi wa boti tangu ujana, nilikuwa nimebaki natengeneza viti vya kanisa. Kwa hiyo Komanda Eugène aliponiita, sikushtuka. Nilichoka tu mapema.

Alitaka boti moja ifanye kazi zote. Ilinde ghuba mpaka ncha ya rasi ya Ubwari. Ifukuze watu wa magendo. Ibebe askari kumi na watano, ivute mitumbwi iliyokamatwa, na juu ya paa la kibanda cha dereva isimame bunduki kubwa ya miguu mitatu, pamoja na ngao ya chuma iliyokatwa kwenye ubavu wa lori bovu. Mtu wa Kilembwe huyu, kule mbali na ziwa, hata mtoni hajawahi kuogelea, lakini ukimsikiliza ungedhani kazaliwa ziwani.

"Na bagonjwa?" nikamwuliza.

"Bagonjwa pia. Utabawekea fasi ya kulala kule chini. Safari ya kwanza tutabapeleka Kigoma."

Hapo ndipo aliponipata. Binti yangu Espérance alikuwa amelala nyumbani wiki ya tatu, kipande cha bomu kiko ndani ya goti tangu tulipokimbia mapigano ya Lubondja. Mguu ulishaanza kunuka. Muuguzi wetu alikuwa ameniambia waziwazi: hospitali ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na upesi, la sivyo nianze kupasua mbao za sanduku la kumzikia.

Walinipa boti ya zamani iliyokuwa ikibeba ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikaifungua na kuifunga upya kwa siku sita, nikaziba nyufa kwa pamba na lami, nikatia mbavu mpya za kubeba ule mzigo wa juu. Chini kabisa, kwenye tumbo la boti, nikatandika mbao za watu kulala. Hizo nilizipiga randa mara tatu, kibanzi kisije kikamchoma mtoto wangu.

Siku ya saba bunduki ikapandishwa. Boti ikiwa bado imefungwa ufukweni, nikawaambia askari wanne wasimame upande mmoja. Boti nzuri ukiilaza hurudi mara moja. Hii ililala, ikakaa huko kidogo kama mtu anayefikiria, ndipo ikarudi. Swedi, aliyepangiwa kuiendesha, ambaye tumefanya naye kazi miaka ishirini, aliniangalia tu.

Kwetu fundi hupanda boti yake siku ya kwanza, akakaa mbele watu wamwone. Asipopanda yeye, hakuna mwingine atakayepanda. Komanda alikuwa ameshaambiwa desturi hiyo.

"Fundi, utapanda?"

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile. Kwa utulivu ule tungeweza hata kufika Kigoma. Ningesema ndiyo, ningemlaza Espérance kule chini, ningesali. Lakini upepo wa Ubwari haupigi hodi, na boti ikipinduka, aliye chini hatoki. Sitajisifu kwamba nilisema kwa wema. Niliona haya pia kupandisha watu kwenye kazi mbovu yenye jina langu.

"Sipande, komanda. Bunduki iko juu sana. Upepo mumoja tu, itapinduka. Uishushe, uiweke pale mbele."

"Ikikaa chini haitaona mbali. Dawa ingine?"

"Uzito kule chini." Neno lilinitoka kabla sijalipima. Nikaongeza haraka, "Bagonjwa njo uzito wenyewe, komanda. Bantu munane bakilala mule, boti itasimama wima."

"Na bakishashuka Kigoma, mi nitarudi na nini?" Akacheka. "Mawe haishuke."

Nikamwomba basi Espérance akae hata katikati ya askari, ajikunje popote. Nilimwomba vibaya, mbele ya watu, kwa umri wangu huu.

"Juu tena? Fundi, we mwenyewe umesema juu kumezidi."

Askari wakaleta mawe kutoka ufukweni, wakawa wanayatupa ovyo ndani. Mawe yasipopangwa huviringika, na yakiviringika boti inakwenda nayo. Nikaingia mwenyewe, nikayapanga juu ya mbao zile moja moja, mpaka pakajaa, pasibaki nafasi ya mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na mdomo wangu.

Nikapanda, nikakaa mbele. Tulipozunguka ncha ya Ubwari upepo ukatupiga ubavuni, boti ikalala, ikarudi mara moja. Askari wakapiga makofi. Ng'ambo, milima ya Tanzania ilionekana yote. Komanda akasema inatosha, turudi.

Nyumbani nilimkuta Espérance amefunga kitambaa safi kichwani, mfuko wake wa nguo uko mlangoni. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote bila kupunguza.

"Ungenyamaza, Papa, tungeenda?"

"Mungeenda."

"Tungefika?"

"Sijue. Pengine mungefika."

"Na papa Swedi njo angeendesha?"

"Ye."

"Ingeweza kupinduka naye. Basi ulifanya muzuri," akasema. Kisha akajigeuza kwa shida, akiuvuta mguu kwa mikono yake miwili, akaelekea ukutani, akalia. Nikauchukua mfuko pale mlangoni, nikaanza kuzitoa nguo moja moja na kuzitundika tena kwenye kamba.