Mkono wa Baba Uko Juu

...na mkono wa baba nao umepanda, mkono uleule uliomshika Kija kiunoni akijifunza kuogelea hapahapa, sasa unalikaribishia ziwa maji machafu ya kiwanda cha ngozi, na Mwenyekiti Mashimba anahesabu polepole, wanaokubali bomba msishushe, jamani, msishushe, mbona polepole hivyo, anamsubiri nani, na Kija anawapitia wazee mmoja mmoja, nani kala nini, maana tangu lini baba, mzee Luhende mwenyewe, mtu wa kubishana hata na mahubiri, akakubali kitu bila kuuliza, kuna kitu hapa, lazima, democracy my foot... chuoni waliigiza ule mkasa wa Wagiriki, mfalme anamchinja bintiye ili merikebu za vita zipate upepo, na Kija akapangwa kwenye kundi la wazee, wale wa kusimama pembeni, wanaimba, wanalia, kisu hawakigusi, degree nzima ya kujifunza kusimama pembeni, so what, na Selina, mtoto wa marehemu dada yake, amesinzia pajani, miguu ina mchanga wa ziwani, huyu hana mkono wa kuhesabiwa na ndiye atakayeyanywa maji hayo... wee msomi, Mama Dorcas anamnong'oneza, hao Wagiriki wako nao walipiga kura? Wao ndio walioanzisha, mama. Haya, na maji ya kunywa walichota wapi? Kija anataka kucheka, lakini Mashimba kasimama mbele ya baba, mzee Luhende, usichoke, mkono huo ndio kazi ya binti yako kiwandani, si tuliongea, na baba anashukuru, wabeja, mwenyekiti, wabeja, kwa sauti ya mtu anayeomba... kumbe. Hakula kitu. Muda wote anaipekua mifuko ya baba kwa macho akitafuta rushwa, kumbe rushwa ni yeye, yeye na kulala mpaka jua kali, yeye na maneno yake mezani, nyie wazee mmetumalizia nchi, mmetuachia nini, na mzee alikuwa anatafuna, anasikia, anasikia... basi katika mkasa huu yeye si binti, yeye ndiye upepo, binti ni huyu mwenye mchanga miguuni, na baba anageuka, anamtafuta kati ya watu, anamwona, anatabasamu, Mashimba bado anahesabu, wanaokataa bado hawajaitwa, na Kija anamhamishia Selina paja la kushoto, taratibu asiamke, ili mkono wa kulia ubaki huru...