Namba Mbili ni ya Baba

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kwa hiyo simu yangu mpya ilipokata mtandao tena Jumamosi ile asubuhi, nilisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nikapanda kigoda, nikaishusha ruta, kile kisanduku cha kusambaza mtandao, kutoka juu ya kabati.

Ruta ile aliifunga marehemu baba. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na hakukubali kabisa kwamba mashine inaweza kuvigawia vifaa anwani za mtandao yenyewe. Kila kifaa alikipa namba kwa mkono wake, akaiandika kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Mbili, baba. Tatu, mama. Nne, mimi. Tano, mdogo wangu, kitindamimba wetu, na namba hiyo haikufutwa hata alipokwenda kufanya kazi nchi ya mbali. Moja ilikuwa ya ruta yenyewe. "Hata humu ndani yupo mkubwa kuliko mimi," baba alizoea kusema. "Mmoja tu?" mama alikuwa akimwuliza.

Nilibishana naye miaka. Washa ile ya kugawa yenyewe, baba, tupumzike. Anatikisa kichwa: "Asiye na anwani yake, barua zake hupotea." Nikamwita mbishi. Leo natamani anibishie tena, hata kidogo.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo nilinunua simu mpya. Ya zamani bado ilikuwa ya kazini, imeshika nne. Nikatazama karatasi, nikaona mbili. Nikajiambia, mwenye namba hayupo, huu ni mwezi wa nne tangu tumzike, namba haina mtu. Nikaichukua bila kumwambia yeyote. Tangu hapo mtandao ukawa wa kuja na kutoweka, nami nikalaumu kampuni, nyaya, mpaka mvua.

Mama alikuwa sebuleni anakunja shuka.

"Unafanya nini huko?"

"Naiwasha igawe anwani yenyewe. Mambo ya karatasi basi."

"Na ya baba yako?"

"Mama, baba hahitaji mtandao."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Akaendelea kukunja.

Nikafungua mipangilio, nikaiambia ruta igawe kuanzia ishirini. Simu yangu ikaiacha mbili, ikapewa ishirini na moja, ikatulia. Nikashusha pumzi.

Ndipo chumbani kwa mama ikalia kengele ya baiskeli. Ikalia tena, na tena. Ule ulikuwa mlio wa simu ya baba, aliuchagua mwenyewe. Mama akaiacha shuka chini, akaenda mbio ambazo sijaziona tangu msiba, nami nikamfuata. Simu ilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wa koti la baba, waya wa chaji umepitishwa mlangoni.

"Mdogo wako humwandikia kila asubuhi," akasema bila kunitazama. "Hakuweza kuja kuzika. Anajua baba yake hayupo, hajarukwa na akili. Ila akiona tiki mbili za bluu, anasema anapata nguvu za kwenda kazini. Mimi kazi yangu kuufungua ujumbe tu. Sasa wiki mbili hizi haishiki mtandao, nikadhani na yenyewe imekufa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungenigombeza."

Kweli ningemgombeza. Anwani moja haikaliwi na wawili. Muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nimemtoa baba mtandaoni. Niliona aibu. Nikarudi kwenye ruta, nikaitenga namba mbili iwe ya simu ya baba peke yake, asipewe mwingine yeyote. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Tukakaa kitandani, mama akafungua ujumbe mmoja mmoja. Shikamoo baba, huku baridi. Shikamoo baba, leo nimechelewa basi. Baba, simu yako imeisha chaji? Jumbe zilikuwa tisa. Wa mwisho ulikuwa wa siku tano nyuma.

"Baba, tiki imebaki moja. Sasa nimeelewa. Pumzika, sitakusumbua tena."

Mama aliusoma mara mbili.

"Lakini sasa namba yake iko salama," akasema. "Kesho asubuhi ujumbe wake utaingia, si ndiyo?"

"Iko salama, mama."

Akaichomeka simu kwenye chaji, akairudisha ndani ya koti.