Kichwa cha Malkia Nyuma ya Bizimu

Bibi mmoja tusiyemfahamu aliingia dukani kwa Mjomba Amri, sonara wa hapa Singida mjini, kabla hatujamaliza kufagia. Nilimwamkia, akaitikia. Akafungua pindo la kitenge na kutoa bizimu ya mkanda, ya fedha, pana kama kiganja cha mtoto. Alisema anaitwa Yasinta, ametoka Sepuka, na ameagizwa iyeyushwe.

Aliyemwagiza ni kaka yake, Edward. Marehemu mama yao, Maria, alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni, na hadi anakufa alisema bizimu alipewa na nesi Mzungu aliyemfundisha kazi. Kijijini walisema aliiba kwa mke wa bwana shamba wa Kizungu, ambaye aliondoka mwaka 1949, mwaka aliozaliwa Edward. Sasa wanajengea kaburi la mama, na Edward hataki kitu cha wizi kibaki nyumbani.

"Na wewe, bibi, unasemaje?" nilimuuliza.

"Mimi namwamini mama. Lakini nani atanisikiliza, mtoto wake?"

Chuo kikuu nilisoma historia, na kwenye ghala la makumbusho nilifundishwa kwamba fedha ya Uingereza hupigwa mihuri midogo kuliko punje za uwele. Nilipoomba niiangalie kwanza, Mjomba alicheka, akasema shahada yangu hatimaye imepata mteja.

Nyuma palikuwa laini, muhuri hauonekani. Maria aliisugua kwa majivu kila Pasaka.

Bibi alisema hata nikiona kitu, nyumbani watadai amenihonga niseme hivyo. Nikamwahidi kwamba nikiona, ataondoka na lenzi yangu ya kukuzia, ile ya kubana jichoni, wakaangalie wenyewe.

Nilipitisha bizimu juu ya moshi wa mshumaa, nikabandika selotepu kwenye masizi, nikaihamishia kwenye karatasi nyeupe. Kisha nikainama, lenzi jichoni.

Simba alikuwa anatembea, mguu mmoja juu. Pembeni yake nanga, alama ya Birmingham, mji usio na bahari. Halafu kichwa cha mwanamke mwenye taji, shingo yake nyembamba kama uzi. Kichwa kile kilipigwa kwa miaka michache tu, malkia wao alipotawazwa mwaka 1953.

"Bibi, yule mke wa bwana shamba alipoondoka, bizimu hii ilikuwa haijatengenezwa."

Nilimwekea lenzi jichoni, nikamshikia kichwa taratibu. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Namwona," akasema. "Yupo pale siku zote, na mama alikuwa anamsugua."

Mjomba aliweka patasi chini. Nilipoanza kufunga lenzi pamoja na ile karatasi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Hanifa, hiyo ni ya baba yako."

Nilijua. Baba alikuwa fundi saa. Ukingo wa lenzi ulikuwa umelika palipogusana na nyusi zake, na sikuwa na kingine chake. Niliigusa pale mara moja, nikaifungia kwenye pindo la kitenge, karibu na bizimu.