Binti wa Upande wa Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi mfagiaji alianza kupiga deki ukumbi wa wageni, akianzia chini ya picha, kwa sababu ndipo penye maji. Picha yenyewe ni ya nchi ya baridi: nyumba yenye moshi kulia, mti mkavu katikati, na theluji kila mahali. Theluji hiyo humwagika sakafuni kila siku, si nyingi.

Kushoto aliwekwa binti yake, naye mfagiaji wa hapo hapo. Mwezi uliopita mkurugenzi alisema picha imelalia kulia, inataka mtu upande wa pili. Akamwambia binti aingie mara moja tu, waone. Ikakaa vizuri. Akamwacha humo.

"Bosi, mwanangu hana hata sweta," mama alimwambia kesho yake. Alikuwa amefuma moja, nyekundu.

"Nyekundu? Itanipigia kelele ukutani, mama. Hii ni picha ya ukiwa."

"Ukiwa wa nani, Bosi?"

Mkurugenzi akacheka, akasema mama huyu ana maneno.

Binti hakungoja kuhurumiwa. Alianza kutembea kuelekea penye moshi, hatua moja kwa siku. Mama alizihesabu huku akikamua tambara.

"Kaza mwendo, mwanangu. Mlango huo hapo."

Midomo ilikuwa imekakamaa, lakini binti alipunga mkono. Siku ya ishirini na sita zilibaki hatua tatu.

Ndipo mkurugenzi akapita na kikombe chake cha chai, akasimama, akapinda shingo.

"Nani kamsogeza huyu?"

Akaitwa mchoraji na ngazi yake. Ngazi ilikuwa ikiteleza, mama akaambiwa aishike. Mchoraji alimrudisha binti kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa sisimizi kwenye sukari. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamjazia theluji hadi magotini.

"Mpaka kiunoni," alisema mkurugenzi. "Huyu ni mtembezi."

Mama aliishika ngazi kwa mikono miwili. Angeiachia, kopo la rangi lingemwagikia mtoto usoni.

Saa nne wageni wakaingia. Walisema picha imetulia kweli kweli. Mmoja akasema yule binti amekaa kama aliyezaliwa humo humo.

Aliyemzaa akawasogezea viti.