Inchi Mbili Juu, Kulia

Nguruwe pori walikuwa wamelima tena. Mistari kumi na moja ya karanga zilizopandwa wiki iliyopita ilifukuliwa sawasawa, kana kwamba wamepimiwa kwa kamba, na mbegu zote zikaliwa. Verlene Tackett alisimama mwisho wa shamba, miguuni buti za marehemu mumewe Weldon, akatoa tusi ambalo watu wa kanisa lake wangelisikia wangemwombea wiki nzima. Kisha akaenda kuitoa kabatini bunduki ya Weldon, ambayo haikuguswa tangu mazishi ya Machi.

Kuishika kulimuuma, na si kwa sababu ya mazishi peke yake. Miaka saba walikuwa wakiwinda pamoja yeye na Weldon, wamekaa nyuma ya pikapu, wakipokezana bunduki na ile darubini iliyofungwa juu yake, inayoona joto la mnyama gizani. Desemba, Weldon akaanza kwenda peke yake. "Darubini hii siku hizi ni ya mtu mmoja," alisema. "Wewe baki ndani, usipigwe na baridi." Hakuongeza neno. Verlene akawa anamjazia chupa ya kahawa, na chupa ikawa inarudi imejaa vilevile. Januari akaacha kuijaza. Mke hasubiri kuambiwa mara mbili kwamba amechokwa. Kwa hiyo alimzika mumewe akiamini kuwa alikufa amemchoka, na jambo hilo lilimtafuna kuliko nguruwe walivyotafuna karanga.

Shemeji yake, Lyndell, mdogo wake Weldon, alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na pikapu yake inayokohoa. Alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili na maneno ya kutosha wanne. Miaka thelathini alifundisha vijana wa wilaya kulenga shabaha, na hakumruhusu mtu yeyote kulisahau hilo.

"Shemeji, ungewaita tu wale wa helikopta," alisema akishuka. "Wanawapiga kutoka juu, wewe unakunywa chai."

"Na wewe ungepunguza biskuti na mchuzi. Kila mtu na mzigo wake. Shabaha iko wapi?"

Lyndell alicheka, akasimamisha boksi tupu la mbegu kwenye yadi ishirini na tano. Umbali huo ni mfupi, jiwe la mkono linafika, lakini ndipo pa kuanzia: ukikosa hapo, mbele huna chako. Katikati ya boksi alibandika kipakiti cha kupashia mikono joto. Verlene alipochungulia aliona boksi zima linang'aa kama taa, joto limesambaa, pa kulenga hapajulikani.

"Umenipikia boksi, Lyndell."

"Basi kipakiti kitoke." Akakibandua, wakangoja boksi lipoe, akabandika kipande cha karatasi ya alumini kidogo kama sarafu. Alumini huakisi ubaridi wa anga, na kwenye darubini kikaonekana cheusi tititi, kama tundu. Hapo pakalengeka.

Verlene aliegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akatoa pumzi nusu, akavuta triga taratibu. Mara tatu. Walipokwenda kutazama, matundu matatu yalikuwa yamegusana, ungeyafunika kwa kizibo cha chupa. Ila yalikuwa inchi mbili juu ya alumini, upande wa kulia.

Lyndell aliinama hadi pua ikakaribia kugusa boksi. "Mkono wako hauna kosa. Asiyejua kupiga hutawanya. Lakini mbona juu? Darubini imekaa juu ya mtutu. Kwa umbali huu risasi inatakiwa ipige chini ya ulipolenga, inchi moja hivi. Basi kosa ni inchi tatu hapa, na kwenye yadi mia ni inchi kumi na mbili. Hapo umlenge nguruwe, umuue jirani."

"Kuna majirani wanaostahili."

"Usinitazame mimi."

Walianza kumtafuta mchawi. Kwanza skrubu za kushikilia darubini: Verlene mwenyewe ndiye aliyezipiga mstari wa rangi yake nyekundu ya kucha mwaka juzi, kila mstari ukianzia kwenye skrubu na kuishia kwenye chuma, ili skrubu ikilegea mstari ukatike. Hakuna uliokatika. Risasi zilikuwa za boksi lilelile la Weldon. Mtutu ulikuwa safi. Wakaizima darubini, wakaiwasha, wakaiacha itoe ule mlio wake mdogo inapojisafisha picha. Risasi tatu nyingine zikaenda palepale, juu, kulia.

"Basi ni namba za kurekebisha shabaha ndani ya darubini," alisema Lyndell. "Mtu amezisogeza kwa makusudi. Weldon alikuwa akiandika?"

Swali gani hilo! Weldon aliandika mpaka siku ya kubadilisha oili ya trekta. Ndani ya mlango wa kabati la bunduki kulikuwa na safu ya penseli, na Verlene aliiona kila kabati lilipofunguliwa bila kuisoma. *Oktoba: kulia 3, juu 5. Desemba: kulia 6, juu 8. Januari: kulia 9, juu 11. Februari: kulia 13, juu 14.*

Lyndell alizisoma mara mbili. Kisha akapitisha kidole kwenye safu, kutoka Oktoba hadi Februari.

"Nini?" Verlene aliuliza.

"Bunduki haikusogea, shemeji. Skrubu zako ni shahidi."

"Lyndell, sema."

"Mtu wa mkono wa kulia akiinyakua triga badala ya kuivuta, risasi inakwenda chini, kushoto. Nimewaona watoto wangapi. Na ukitaka kumficha huyo mtu, unaisogeza darubini juu, kulia, ilifidie kosa lake. Wewe hunyakui, ndiyo maana zako zinapanda." Alipangusa uso kwa kofia. "Huyu mkono ulikuwa haumtii. Na kila mwezi ulizidi. Ndugu yangu alikuwa akitetemeka, na hakumwambia mtu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Verlene alikaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe. Sasa aliona yote, na aliona kwa uchungu: Weldon mezani na kikombe kilichojaa nusu tu. Weldon akimwambia yeye ndiye aendeshe gari kwenda kanisani. Na ile chupa ya kahawa. Haikurudi imejaa kwa sababu ya dharau. Mtu asiyeweza kushika triga atafunguaje kifuniko cha chupa, gizani, kwenye baridi, na amimine? Na yeye, kwa hasira, akamwacha aende bila hata hiyo ya kushikilia tu mikononi ipate joto.

Alilia, na Lyndell akamwacha alie, akijifanya anahesabu maganda ya risasi.

"Tusifute hizi namba zake," Lyndell alisema baadaye. "Ziko kwenye kumbukumbu ya kwanza, A. Darubini ina kumbukumbu tatu. Nenda B, itakuwa tupu, tuanze upya na namba zako."

Verlene alibonyeza kitufe mpaka B. Haikuwa tupu. Kulia 3, juu 5.

Alirudi mlangoni kuhakikisha. Oktoba. Mwezi wao wa mwisho nyuma ya pikapu, yeye alipoangusha nguruwe wawili na Weldon akamwita mchinjaji mpaka Sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Weldon alizihamisha namba zile kabla ya kuanza kuziharibu za kwake, akaziweka pembeni, na majira yote ya baridi hakuzigusa.

"Piga," Lyndell alisema polepole.

Alilala tena nyuma ya mfuko wa mchanga. Akafuta macho kwa mkono wa shati, kwa sababu darubini haijali machozi lakini mlengaji anajali. Pumzi nusu. Risasi moja tu.

Ilipiga inchi moja chini ya alumini, katikati, pale hasa inapotakiwa kupiga.

Lyndell alirudi na boksi kwapani. "Tayari. Hukuhitaji hata mwalimu. Jioni utakwenda na nani? Maana mimi, nikikosa chakula cha jioni, ni hatari kuliko nguruwe."

"Njoo umekula. Na ukae kimya."

"Nitaleta nini?"

"Usilete kitu," Verlene alisema, akiizima darubini. "Kahawa najaza mimi. Na kifuniko nitakifungua mwenyewe."