Likizo ya Uzazi ya Digna

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1976, Athanas alikuwa anafua nepi kwenye bomba la kambi ya wafanyakazi alipomwona mkewe Digna akija kwa njia ya katikati ya mibuni. Walikuwa wamemzika Jumapili. Alivaa gauni la bluu walilomzikia, na miguuni hakuwa na viatu, maana viatu vyake vilibaki uvunguni mwa kitanda. Kengele ya saa nne ilikuwa imegongwa punde. Digna aliketi kizingitini, akafungua vifungo vya gauni, akanyoosha mikono.

"Mlete mtoto," alisema.

"Ndiyo kwanza amelala. Amelia tangu alfajiri."

"Mlete hivyo hivyo. Maziwa yamejaa, yananiuma."

Athanas aliikamua nepi iliyokuwa mkononi, akaianika, ndipo akaingia ndani. Mtoto wao Odilia alikuwa na siku tano, na siku zote hizo majirani walikuwa wakimnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Alipowekwa kifuani kwa mama yake alishtuka kwa baridi, kisha akalishika titi, akanyonya mpaka vitone vya jasho vikamtoka puani. Mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani alisimama.

"Mzazi hajambo?"

"Sijambo. Maziwa tu yalikuwa yamenizidi."

"Pole. Ndivyo yalivyo siku za kwanza."

Yule mama aliendelea na safari yake. Jioni wanawake wa kambi walikubaliana kutogombana bombani saa za kunyonyesha, kwa kuwa mtoto akinyonya anahitaji utulivu.

Shamba lilikuwa la kahawa, upande wa Sanya Juu. Watu waliendelea kuliita Kwa Mgiriki, ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka miaka mitatu nyuma, serikali ilipolitaifisha. Katika nyumba yake alihamia meneja, ndugu Wenseslaus. Shamba lilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na Landrova iliyochorwa msalaba mwekundu milangoni. Athanas alitoka Kibosho. Alikuwa mtoto wa kati, na kihamba cha baba yake, yaani shamba la migomba la ukoo, kiligawiwa kaka mkubwa na mdogo wa mwisho, kama ilivyo desturi. Yeye aliachiwa baraka. Kwa hiyo alishuka kutafuta kazi, akaoa, akapewa chumba kambini.

Digna alijifungua Jumamosi saa sita mchana, na mtoto alilia vizuri. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Muuguzi Justina alimkandamiza tumbo, akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akasema apelekwe hospitali upesi. Landrova haikuwepo. Meneja alikuwa anamwoza binti yake, na alikuwa ameituma Sanya Juu kuchukua kreti za bia. Wanaume wanne walimbeba Digna juu ya kitanda cha kamba, barabara ya maili saba, kwenye tope la masika. Walipofika maili ya tatu walikutana na Landrova ikirudi. Dereva, Sirili, alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Geuza gari," Athanas alimwambia. "Shusha mizigo hapa, geuza."

"Ndugu yangu, nimeambiwa hata chupa moja isipungue. Nikashushe, nitarudi mbio. Nusu saa tu."

Alirudi baada ya saa mbili, kwa sababu kule nyumbani kwa meneja aliambiwa kwanza akawachukue wapiga ngoma. Digna alikuwa amekwisha kufa. Sirili aliwasaidia kumpakia. Siku hiyo Digna alipanda Landrova kwa mara ya kwanza.

Baada ya Alhamisi ile alikuja kila siku, saa nne na saa tisa, kengele ya mapumziko ilipogongwa. Alikaa nusu saa. Makaburi ya wafanyakazi yalikuwa ng'ambo ya mfereji, haikuwa mbali. Athanas alizoea kumtandikia gunia kizingitini na kukaa karibu naye. Waliongea mambo ya nyumbani: nepi zimebaki ngapi, chumvi imeisha, kitovu cha mtoto kimedondoka. Mikono ya Digna ilikuwa baridi kama maji ya mfereji asubuhi, na Athanas aliishika hivyo hivyo. Alipokuwa mbali kwenye mibuni, alianza kusikiliza kengele kabla haijagongwa.

Wiki ya pili mama yake Athanas, Lukresia, aliteremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi. Alimkuta mkwewe ananyonyesha.

"Shikamoo mama," alisema Digna.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Sijisikii kula, mama."

"Anayenyonyesha halali na njaa. Hata kama ni wewe."

Alibandika mtori, ndizi zikaiva na nyama mpaka zikawa uji mzito, akampelekea bakuli lililojaa. Digna alilishika kwa heshima mpaka mtori ukapoa, akalirudisha. Kesho yake Lukresia alipika tena. Alipika miezi mitatu, kwa sababu mzazi wa Kichaga hulishwa miezi mitatu bila kushika kazi, na hakuona ni kwa nini huyu apunjwe. Mtori uliobaki alikula Athanas.

Shida ilikuwa mizani. Kila mwezi Athanas alimpeleka mtoto zahanati, naye mtoto akaning'inizwa kwenye mizani pamoja na watoto wengine. Siku aliyozaliwa Odilia alikuwa na kilo tatu. Mwezi wa kwanza, kilo tatu. Mwezi wa pili, kilo tatu. Hakuharisha, hakukohoa, macho yalikuwa maangavu na alicheka akichezewa. Ila kofia aliyovishwa siku ya kuzaliwa ilimtosha vilevile, na kucha zake hazikuhitaji kukatwa.

"Maziwa ya mama yake hayana nguvu," alisema Justina akichora mstari kwenye kadi. Mstari ulikwenda sawasawa kama kamba iliyovutwa.

"Nimesikia kuna maziwa ya kopo kwa watoto waliofiwa na mama," alisema Athanas.

"Yapo. Yako humo kabatini."

"Basi mwandikie."

Justina alitoa fomu, akaisoma, akairudisha mezani. "Hapa wanauliza: mama yupo, ananyonyesha? Na mimi jana nimemwona mlangoni kwako ananyonyesha."

"Muuguzi, Digna alikufa. Ulimvisha wewe mwenyewe."

"Nilimvisha. Na vifungo nilifunga mimi. Lakini fomu haiulizi kama amekufa, Athanas. Inauliza kama ananyonyesha. Nikiandika uongo, mwezi ujao hawaniletei hata kopo moja, na wenzako wasio na mama kabisa watakosa."

Alisema kweli, na aliyasema hayo akiwa amemshika mtoto vizuri, kichwa kwenye kiwiko. Athanas alimfunga Odilia kifuani, akarudi kambini.

Hapo ndipo alipopeleka malalamiko kwenye kamati ya wafanyakazi. Hakuomba makubwa. Aliandika barua kwamba mke wake alikufa kwa sababu gari la wagonjwa lilibeba bia, na kwamba mtoto ahesabiwe yatima. Habari ilienea kabla barua haijafika. Siku mbili baadaye, asubuhi, dereva Sirili alikuja kambini bila kofia yake ya kazi, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Isale ni mmea wa mpaka na wa maombi, na kwa Wachaga anayeletewa isale na mkosaji hawezi kukataa kusamehe.

"Usinipe mimi," Athanas alimwambia. "Msubiri mwenyewe."

Sirili alisubiri mpaka saa nne. Digna alipokuja, Sirili alipiga magoti mbele yake, akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye shati. Digna alimwangalia kwa muda.

"Ulikuwa umetumwa, Sirili. Chukua kiti ukae."

Akalipokea jani, akaliweka mapajani, akamhamishia mtoto titi la pili.

Kamati ilikutana mwezi wa Agosti, saa tisa alasiri, ndani ya ghala. Mwenyekiti alikuwa Kastori, ambaye pia alikuwa nyapara wa wachumaji. Meneja alikaa upande wake wa kulia. Digna aliitwa, akaja na mtoto, akapewa benchi la mbele.

"Ndugu mwenyekiti," alisema meneja, "mimi ninalaumiwa kwa kifo. Nakubali lawama zote mtakazonipa. Naomba tu nionyeshwe aliyekufa."

Watu waligeuka kumwangalia Digna.

"Ni mimi," alisema Digna.

"Tunashukuru kwa kufika," alisema Kastori. "Una la kuongeza kwenye barua ya mumeo?"

"Gari lilitupita. Nililiona kutoka kitandani. Lilikuwa na nafasi juu ya kreti, hata ya kulala mtu mmoja. Nataka liandikwe hilo."

"Itaandikwa kwamba umesema. Na ndugu dereva?"

Sirili alisimama, akasema ni kweli, na kwamba aliomba radhi kwa isale. Meneja aliinua mkono kabla Sirili hajaketi.

"Isale ilipokelewa?"

"Ilipokelewa," alisema Sirili.

"Basi, ndugu wajumbe, tusivunje mila zetu. Jambo lililosamehewa kwa isale halifufuliwi."

"Nilimsamehe Sirili," alisema Digna. "Wewe hujaleta jani."

Meneja alitazama saa yake. Kastori alisema muda wa mapumziko umekwisha, na kamati ikajiuliza cha kuandika. Mwishowe waliandika kwamba malalamiko yalihusu kifo, kwamba mlalamikiwa na marehemu wote walihudhuria, na kwamba pande zote zilisameheana. Athanas alisema hilo si kweli. Waliandika kwamba mume hakuridhika. Kisha Kastori akafungua daftari la mahudhurio, akageuza kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Ndugu Digna, jina lako lipo hapa tangu mwaka juzi. Halikufutwa. Likizo yako ya uzazi imekwisha, na kahawa imeanza kuiva. Jumatatu tutakutegemea."

"Huyu mtu amekufa!" alisema Athanas.

"Kamati haikuona hivyo," alisema Kastori. "Na chumba mnachokaa ni cha wafanyakazi wawili. Akikosekana mmoja, itabidi muachie wengine."

Jumatatu Digna alikuja alfajiri, akapewa debe. Alichuma kwa uangalifu, nyekundu tu, na hakuchoka. Kastori alipoona hachoki alimpa mistari ya chini kabisa, karibu na korongo, ambako wengine hawakupenda kwenda. Kutoka huko mpaka kambini ni mwendo wa nusu saa, kwa hiyo saa nne hakuwahi tena. Alikuja saa tisa tu, kwa kuwa mapumziko yake yalikuwa marefu zaidi, akakaa dakika chache, mbele ya gauni pamelowa maziwa na vumbi limeganda juu yake. Odilia alianza kulala mchana kutwa. Alikuwa na miezi mitatu na kilo zake zilezile tatu, na sasa hata alipoamshwa hakucheka.

Lukresia alimwita mwanawe nyuma ya nyumba.

"Nina ng'ombe anakamuliwa kule juu. Nipe mtoto."

"Nikimwambiaje mama yake?"

"Mwambie ukweli. Ni mzazi, ataelewa."

Athanas hakumwambia siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu alimtandikia gunia, akakaa karibu naye, akashindwa kuanza. Digna alikuwa anapitisha kidole kwenye utosi wa mtoto.

"Mama anataka kumpeleka Kibosho," alisema Digna.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Amefua nguo zake zote siku moja." Akamfunika mtoto miguu. "Mpeleke, baba Odilia. Kwangu mimi ataishi, lakini hatakua."

"Na wewe?"

"Mimi sina mahali pa kwenda. Nina mistari."

Alimnyonyesha kwa mara ya mwisho titi moja, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza. Kengele ya kurudi kazini iligongwa naye hajamaliza, na siku hiyo hakuinuka mpaka mtoto mwenyewe alipoachia. Athanas aligeuza uso ukutani akalia bila sauti. Digna alimpa mtoto, akafunga vifungo, akaondoka kuelekea korongoni.

Jumapili walipanda basi mpaka Moshi, na kutoka Moshi gari la Kibosho. Odilia alinyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, akatapika siku mbili, siku ya tatu akayashika. Mwisho wa mwezi alikuwa na kilo nne na nusu. Kucha zilianza kumparua, zikakatwa.

Athanas alikwenda kwa Kastori. Alisema mtoto hayupo tena, hivyo mama yake hana sababu ya kuja, aachwe apumzike. Kastori alimsikiliza vizuri, hata alimpa kiti. Alisema anaelewa uchungu wake, lakini jina liko kwenye daftari mpaka msimu uishe, na msimu ulipoisha alisema sasa ni kupogolea. Digna mwenyewe alisema amekwisha kuzoea. Kila Jumapili Athanas alikwenda Kibosho, na kila Jumatatu alishuka korongoni kumpa habari.

"Anakula?"

"Anakula."

"Amekaa?"

"Amekaa. Ana meno mawili chini."

Hayo yalimtosha kwa wiki nzima.

Mwezi wa Februari chama tawala kilibadilishwa jina, na meneja akawa wa kwanza shambani kupata kadi mpya. Landrova ilimpeleka kuichukua. Mwezi huohuo Lukresia alisema si haki mtoto amsahau mama yake, akamleta. Odilia alikuwa na miezi tisa na kilo nane. Athanas alimbeba mpaka korongoni, akamkuta Digna anakata matawi.

"Mama huyu," Athanas alimwambia mtoto. "Mama."

Digna aliweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye gauni, akampokea mtoto kwa kumshika miguu yake iliyonenepa. Odilia alimwangalia. Kisha akahisi baridi ya ile mikono, akapiga ukelele, akajitupa kwa baba yake, akamng'ang'ania shingo asiachie. Alilia mpaka akakosa pumzi.

"Atazoea," alisema Athanas. "Ni ugeni tu. Mshike tena."

"Mwache." Digna alirudi hatua mbili nyuma, ili mtoto asisikie ile baridi. Alisimama hapo akimtazama, shavu hadi shavu, mkono hadi mkono, kama mtu anayekagua mzigo umefika mzima. "Amekuwa mtu. Mtu hukimbia baridi. Mfunike kichwa, kuna upepo."

Waliondoka wakipanda, mtoto akitazama nyuma juu ya bega la baba yake, machozi hayajakauka. Digna aliwaangalia mpaka walipopotea kwenye mibuni, kisha akaokota mkasi. Kengele ilikuwa imekwisha kugongwa. Kastori alipopita na daftari lake, alimwandikia amechelewa.