Mkasi wa Siku ya Kumi

Siku ndugu yangu Sosaia alipolazwa sebuleni juu ya mikeka, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote katika nyumba ile. Mchungaji alikuwa mdogo kwangu. Mkuu wa kijiji alipokuja kutoa pole alikaa karibu na mlango. Kwetu visiwani Tonga dada humzidi kaka kwa cheo tangu wanapozaliwa, na kaka akifa, dada hukaa upande wa kichwa cha maiti, huletewa mikeka mizuri na vitambaa vya magome, na akisema, limesemwa. Naitwa Akanesi, nina miaka sabini na mbili, magoti yananiuma, na nilikaa pale nikijua cheo changu barabara.

Watoto wa marehemu, wao, ndio wanaokuwa chini kabisa. Hujifunga mikeka mikubwa iliyochakaa. Wa kiume hushinda nyuma ya nyumba kwenye moshi, wakichimba shimo la kuokea nguruwe na kupanga mawe ya moto. Mabinti hufumua nywele na kuziacha timutimu, na siku ya kumi tangu mazishi shangazi yao huchukua mkasi akawakata. Hapo msiba umekwisha, kila mtu arudi kwake.

Sosaia aliacha watoto watatu. Fatai, wa kwanza, yuko ng'ambo, Auckland, mwaka wa ishirini sasa, ni shemasi huko. Vika ameolewa kijiji cha pili. Na wa mwisho ni Lupe, aliyezaliwa mvulana akapewa jina la Manase, na tangu ana miaka mitano hajaliitikia jina hilo bila kununa. Watu kama Lupe tunawaita leiti. Wapo kila kijiji. Wanapamba harusi zetu, wanawashonea binti zetu magauni, wanaimba sauti ya juu kanisani, halafu akija mtu kutoka ng'ambo na Biblia yenye zipu tunajitia hatuwajui. Mambo hayo huniudhi sana.

Lupe ndiye aliyemuuguza baba yake miaka mitatu baada ya kupooza upande mmoja. Alimlisha, alimgeuza, alimwogesha, alimsomea magazeti ya wiki iliyopita. Nywele zake zilikuwa zinafika kiunoni. Mzee alipokuwa hawezi tena kusema, alikuwa akizishika kwa ule mkono wake mzima, na Lupe hakuwa anaondoka mpaka aziachie mwenyewe.

Fatai alifika Alhamisi na suti nyeusi na viatu vinavyong'aa. Aliingia moja kwa moja, akaenda kukaa kichwani mwa baba yake, bega kwa bega nami. Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Mtoto wa marehemu kukaa pale! Miaka ishirini ya Auckland ilikuwa imemsahaulisha hata mahali pa kuweka makalio yake. Nilimwacha kidogo, kwa sababu alikuwa analia na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha nikamgusa goti, nikamwonyesha mlango wa nyuma. Akatoka kichwa chini, na kabla jua halijawa kali nilimwona dirishani amejifunga mkeka uliotoboka juu ya suruali ya suti, anapuliza moto. Nikasema moyoni, huyu bado ni wetu.

Nilikosea kumwamini mapema hivyo. Mchana Vika aliniletea habari. Fatai alikuwa ametangaza huko jikoni kwamba Manase akatwe nywele kabla ya mazishi, avae suruali, abebe jeneza pamoja na wanaume. La sivyo asitie mguu makaburini. Alisema watu wa kanisa lake watatazama mazishi kwenye simu, na yeye hataki kuaibishwa mbele yao. Binamu zake wawili walikuwa wamekubali kumsaidia.

Jioni, kabla ya sala, Lupe alinijia. Alitambaa kwa magoti kama inavyompasa mtoto wa marehemu mbele yangu, na ule mkeka wake mchakavu ukikwaruza sakafu. Nywele zilikuwa zimemfunika uso. Nilidhani anakuja kuniomba nimkemee kaka yake. Hakumtaja hata kidogo.

"Shangazi," akasema, "siku ya kumi, ukishamkata Vika, na mimi utanikata?"

Sikumjibu mara moja, na nitasema kwa nini, ingawa hainipi sifa. Lupe alipokuwa na miaka kumi na mitatu, Sosaia alimnyoa uwanjani mwa kanisa, mbele za watu, ibada ikiwa imetoka tu. Mtoto alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, analia bila sauti. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Shangazi mtu! Neno langu moja lingemshika mkono Sosaia, maana hakuwahi maishani mwake kunipinga. Nilifungua kitabu cha nyimbo nikajifanya natafuta ukurasa. Baadaye Lupe alitorokea mjini mwaka mzima, na aliporudi Sosaia hakugusa tena kichwa chake wala hakumwita Manase. Ndugu yangu alitubu kwa namna yake. Mimi sikuwa nimetubu kwa namna yoyote.

Nikamwambia Lupe, "Nitakukata. Vika kwanza, kwa kuwa ni mkubwa wako. Kisha wewe."

Akacheka, akalia, akafuta pua kwa ncha ya mkeka. Vitu hivyo vyote kwa pamoja.

Leiti wenzake sita walikuwa wamekuja kutoka mjini tangu msiba ulipotangazwa. Walizungushia nyumba nzima vitambaa vyeusi na vya zambarau, wakasuka mashada, wakaosha vyombo vya watu mia mbili bila kuombwa. Mkubwa wao ni Pesalili, mwenye mabega ya mchezaji wa raga, kwa kuwa aliwahi kucheza raga. Watu walikula kwenye sahani alizoosha, wakamteta mgongoni. Yeye alikuwa akiwajibu kwa kuwaongezea viazi.

Asubuhi ya mazishi, Jumamosi, Vika alikuja kwa magoti mbio mbio akaniambia sikioni kwamba wamemshika Lupe nyuma ya tangi la maji. Nikainuka. Mwenye cheo changu hainuki akaacha maiti, na nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Waache wavute. Niliwahi kukaa kimya mara moja na inatosha.

Binamu mmoja alikuwa amemshika Lupe mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Fatai alikuwa na mkasi wa jikoni, ule wa kukatia kuku. Fungu zima la nywele za upande wa kushoto lilikuwa chini kwenye matope. Lupe hakuwa anapigana. Alikuwa ametazama mbele tu, midomo imekauka.

"Mwacheni," nikasema. Binamu wakamwachia, mmoja akaanza kukagua kucha zake.

"Shangazi, haya ni ya wanaume," akasema Fatai. Sauti yake ilikuwa ya adabu, sitamsingizia. "Huyu ni mdogo wangu. Baba atabebwa na wanawe wawili. Sitaki watu waangue kicheko kaburini."

"Wakicheka watanicheka mimi. Nani aliyepanga nani akae wapi katika msiba huu?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Lupe nimemkalisha wapi?"

"Kwa akina Vika."

"Basi nipe mkasi."

"Shangazi, na Mungu je?"

"Mungu nitaongea naye mwenyewe, nina umri wa kumkaribia kuliko wewe. Nipe mkasi."

Akanipa. Alinipa kwa kuwa kuna kitu ambacho hata Auckland haikuweza kukitoa ndani yake. Nilikuwa karibu kumhurumia, ndipo akaharibu.

"Akitembea na wanawake, mimi sibebi jeneza."

Nikamwambia asibebe. Ndugu yangu alikuwa mwembamba kama fimbo siku zake za mwisho, hawezi kukosa wa kumbeba. Pesalili alikuwa kwenye karo, povu limemfika viwiko. Akageuka taratibu.

"Shangazi, mabega yapo," akasema. "Sema tu nibadilishe viatu."

Wanawake wa jikoni wakacheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Fatai alisimama pale, masikio yamewaka moto, kisha akarudi kwenye shimo lake la nguruwe.

Lupe aliingia ndani na kichwa chake kile, upande mmoja nywele za kiunoni, upande wa pili zimekatika juu ya sikio. Nilimwuliza kama anataka kitambaa ajifunike. Akakataa. Akakaa karibu na Vika, miguu ameikunja kando kama wakaavyo wanawake, na watu wote waliokuja kutoa heshima za mwisho walilazimika kupita mbele yake. Wengine walitazama ukutani. Mke wa mwalimu mkuu alimbusu shavuni, nami nikamwandika huyo moyoni.

Fatai alibeba jeneza. Alibeba mbele, upande wa kulia, na njia nzima hadi makaburini Pesalili alitembea nyuma yake kwa gauni jeusi na viatu visivyo na kisigino, mikono mitupu, tayari. Fatai hakubadilisha hata bega. Lupe alitembea na Vika, wakishikana mikono, na aliyetaka kucheka alitazama kwanza nilipo mimi.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu. Sebule ilijaa wanawake, na wanaume walikaa barazani wakinywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Fatai alikuwa bado yupo, ndege yake ilikuwa keshoye. Nilimkata Vika kwanza. Nilikata karibu na ngozi, kama mama yangu alivyokatwa baba yake alipokufa, na Vika alilia kama anavyopaswa kulia. Kisha nikasema, "Lupe."

Mke wa mchungaji aliinama kwangu. Alisema polepole, kwa upole wote wa dunia, "Akanesi, na huyo naye?"

"Na huyo naye," nikasema.

Lupe akaja. Nilishika ule upande mrefu mkononi, nikaupima uzito. Miaka mingapi ilikuwa pale! Nilijua anavyozipenda, nilijua alivyokuwa akizipaka mafuta ya nazi kila Jumamosi na baba yake akimtazama kutoka kitandani. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama amebadili mawazo, maana hakuna aliyemlazimisha.

"Kata, Shangazi," akasema. "Alikuwa baba yangu."

Nikakata. Nilianza kushoto, nikasawazisha uharibifu wa Fatai, kisha nikahamia kulia. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona, na kitabu cha nyimbo hakikuwa karibu. Nywele zilipoisha, kichwa chake kilionekana kidogo, na masikio yake yalikuwa ya Sosaia kabisa.

Fatai alikuwa amesogea mlangoni na bakuli la kava mkononi. Alipoona kile kichwa kimenyolewa, akatabasamu. "Mwishowe amekatwa," akawaambia wenzake wa barazani. "Si ndivyo nilivyosema tangu mwanzo? Mngenisikiliza tusingesumbuana."

Nikaweka mkasi chini. Nilimwita aje ndani, akaja, akakaa mbele yangu.

"Fatai," nikasema, "umekaa ng'ambo sana, kwa hiyo nisaidie nijue bado unakumbuka. Mwanamume akifa, siku ya kumi, shangazi huwakata nywele watoto gani?"

Aliinamia bakuli lake la kava. Barazani wakaacha kunywa.

"Nimekuuliza."

"Mabinti," akasema.

"Sema nje wasikie, kwa kuwa nje pia umesema."

Aligeuza uso mlangoni. Ilimchukua muda. Sikumharakisha, nilikuwa na siku nzima. "Mabinti," akasema Fatai, na safari hii wakasikia mpaka walioko kwenye shimo la kuokea. Hakumtazama Lupe. Aliondoka keshoye na ndege ya asubuhi, na hajapiga simu. Akipiga nitapokea, mimi si mtu wa kununa na watoto. Lakini maneno yangu yatakuwa yale yale.

Ijumaa ile Lupe alinisindikiza sokoni mjini. Jua lilikuwa kali, nikampa kofia yangu ya ukindu, nikamwambia ngozi ya kichwa chake haijazoea. Aliishika mkononi tu, njia nzima. Watu walimtazama. Alikuwa bado na gauni lake jeusi la msiba, kidevu kipana, mkeka kiunoni, na kichwa kitupu kinachong'aa.

Tulisimama kwa mama mmoja anayeuza majimbi, mtu wa visiwa vya kaskazini, yeye hatujui wala sisi hatumjui. Alimpima Lupe kwa macho kuanzia miguuni, kwenda juu, na mimi nikakaza mkoba wangu, tayari kwa ugomvi. Macho yake yalifika kichwani, yakakaa hapo. Akaweka chini fungu alilolishika.

"Pole sana, binti," akasema. "Baba yako alikuwa anaitwa nani?"

"Sosaia," akajibu Lupe, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki.